Ndege Hulishwa na Ardhi: Uchambuzi wa Nafasi ya Nguvu za Anga katika Vita vya Uvamizi

Mtu anayetaka kujua ndege ina kazi gani katika vita vya kuvamia nchi hana haja ya kuanzia Poland wala Normandy. Na aanzie Kitale, mahali reli ya tawi itokayo Leseru ilipofika mwaka 1926 ikakoma, na Bungoma, ambako reli kuu ya kwenda Uganda hupita chini ya Mlima Elgon. Miji hii miwili haikupata kuwa uwanja wa mapambano makubwa ya angani, walakini imekaa muda wa karne nzima kando ya njia ambazo majeshi yamepita au yamelishwa: vita vya Waingereza na Wajerumani vilivyowachukua vijana kwenda Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi, vita vya 1940 na 1941 vya kuingia Somalia na Habeshi, vita vya Kagera vilivyoyasukuma mabaki ya jeshi la Idi Amin kuelekea mpaka wetu, operesheni ya Mlima Elgon ya mwaka 2008, na safari ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia mwaka 2011. Aliyeketi mahali kama hapa, nyuma ya vita, huona jambo ambalo aliye mbele kabisa aghalabu halioni, nalo ni kile kinachoipeleka ndege juu.

Swali letu ni hili: jeshi linapoingia katika nchi ya watu, ndege hulifanyia jambo gani ambalo bila yake lisingewezekana, na ni jambo gani ambalo ndege haziwezi kulitimiza hata zikiwa elfu? Swali hili si geni. Mwaka 1921 jemadari wa Kitaliano aitwaye Giulio Douhet alichapisha kitabu akidai kwamba majeshi ya nchi kavu yatabaki kulinda mipaka tu, na kwamba ushindi utaletwa na mabomu yatakayoivunja miji na nyoyo za raia mpaka adui aombe amani. Dai hilo lilivuma, na hata leo serikali zenye ndege nyingi hulipenda, kwa kuwa linaahidi ushindi usio na majeneza ya wana wao. Hapa kwetu, katika nchi pana zenye maji haba na barabara chache, dai hilo limetiwa mizanini mara kadhaa, na kila mara limeonekana pungufu kwa namna ile ile. Jawabu ninaloliona ni kwamba nguvu za anga zina asili yake ardhini na mwisho wake ardhini: huanzia katika kiwanja kilichosafishwa, pipa la petroli lililoletwa na lori, na fundi mwenye vipuri, na huishia kwa askari atembeaye, ambaye ndiye peke yake awezaye kukaa mahali palipotekwa.

Ili hesabu yetu isichanganyike, yafaa tuzigawe kazi za ndege katika uvamizi kuwa nne. Ya kwanza ni kuona, yaani kupeleleza na kupiga picha nyuma ya mistari ya adui. Ya pili ni kumpofusha adui kwa kuziharibu ndege zake, hasa zikiwa bado chini. Ya tatu ni kupiga na kutisha mbele ya jeshi linaloendelea. Ya nne ni kubeba watu, dawa, chakula na barua. Nje ya nne hizo iko ya tano, kukaa, na hiyo ndiyo tutakayoitazama kila tunapopita.

Kazi ya kuona ndiyo iliyotangulia kufika katika nchi zetu. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha katika delta ya Rufiji mwishoni mwa mwaka 1914, meli za Kiingereza zilizokuwa baharini hazikuweza kuilenga nyuma ya mikoko. Ndipo mwezi Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zikaielekeza mizinga ya meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, na tarehe 11 ya mwezi huo manowari ile ikaangamia. Hata hivyo Wajerumani waliifungua mizinga yake, wakaikokota bara, nayo ikaendelea kupiga kwa muda mrefu baadaye. Mwaka 1916, Jenerali Smuts alipoivamia Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kutokea upande wa Taita, kikosi cha 26 cha ndege kilikuwa naye huko Mbuyuni. Marubani waliona milima, mito na njia, ila askari wa Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, waliingia kichakani na anga ikawa kipofu. Huyo Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn mwezi Novemba 1918, baada ya mapatano ya kusimamisha vita kutiwa sahihi Ulaya. Wajerumani nao walijaribu kazi ya kubeba: Novemba 1917 waliituma Zeppelin L59 kutoka Bulgaria kumpelekea shehena, nayo ikafika juu ya Sudan ikaamriwa irudi. Mzigo wa vita vile, kwa pande zote mbili, ulibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na waliokufa kwa homa, tumbo na uchovu walihesabika kwa makumi ya maelfu.

Funzo la pili, lenye uchungu zaidi, lilitoka Habeshi. Mussolini alipoivamia nchi hiyo tarehe 3 Oktoba 1935, Mfalme Haile Selassie hakuwa na ndege za kivita zinazostahili jina hilo, na Wataliano walikuwa nazo kwa mamia. Walipiga mabomu mji wa Dessie mwezi Desemba, wakanyunyiza gesi ya haradali juu ya askari na wanakijiji waliovaa shuka tu, na katika jangwa la Danakil wakaulisha msafara wa jeshi kwa mizigo iliyoangushwa kutoka juu. Baada ya kushindwa huko Maychew mwisho wa Machi 1936, njia ya Addis Ababa ilikuwa wazi, na tarehe 5 Mei Wataliano wakaingia. Hapa mfuasi wa Douhet aweza kusema, "Mnaona?" Naam, tunaona, tunaona pia kwamba ndege zile zilifuatana na barabara zilizochongwa na maelfu ya vibarua toka Eritrea, na kwamba baada ya mji mkuu kutekwa, wapiganaji wa Kihabeshi walibaki milimani miaka mitano, wakazishambulia ngome za Wataliano, wala ndege zilizokuwa zimewashinda katika uwanda hazikuweza kuwatoa mapangoni. Uvamizi ulifaulu, lakini kukaa kukawa shida ya kila siku.

Hapo ndipo tunapofika katika mfano ulio mkubwa kuliko yote katika sehemu zetu. Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni 1940. Katika himaya yake ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na ndege zaidi ya 300, zikihesabiwa na zile za akiba, na makamu wa mfalme, Amedeo, Mtawala wa Aosta, alikuwa yeye mwenyewe jemadari wa jeshi la anga. Kenya ilikuwa na vikosi vichache: Wazungu wa Rhodesia ya Kusini na ndege zao kuukuu, na Waafrika Kusini waliokuja na ndege za abiria za Junkers, zilizotengenezwa Ujerumani kwa ajili ya shirika lao la ndege, kisha zikatiwa mabomu kumpiga rafiki wa Ujerumani. Tarehe 11 Juni hizo Junkers zilipiga kambi za Wataliano huko Moyale. Wataliano nao waliupiga uwanja wa Wajir wakateketeza petroli, na mwaka huo huo mabomu yao yakafika hata Malindi. Mwezi Julai waliiteka Moyale, wakashuka hadi Buna, kisha wakasimama.

Kwa nini mwenye ndege nyingi alisimama? Sababu haikuwa hewani. Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza, hivyo kila tairi lililochakaa, kila injini iliyoungua na kila pipa la petroli lililotumika halikuwa na badili. Ndege kadhaa za kivita zililetwa kutoka Libya zikiwa zimefunguliwa vipande vipande ndani ya ndege za mizigo, jambo la kusifiwa kwa ustadi wake, lakini himaya haiwezi kulishwa kwa kijiko. Mtawala wa Aosta aliamua kuweka akiba na kungoja vita viishe Ulaya. Na jeshi la anga linalongoja hufa kidogo kidogo chini ya turubai lake, bila ya kupigwa.

Upande wa Kenya, kwa miezi hiyo saba, kazi ilikuwa ya kuchimba, kulima barabara na kuhesabu mapipa. Jenerali Alan Cunningham alipopewa amri mwezi Novemba 1940, alipokea jeshi lililofikia takriban watu 77,000, miongoni mwao askari wa keya kutoka Afrika ya Mashariki yapata 33,000, Waafrika Kusini 27,000, Wanaijeria na watu wa Gold Coast 9,000, na Waingereza wachache. Wahandisi walichimba visima katika nyika ya kaskazini, ambako joto la jua hunywa maji kabla ya ng'ombe, na viwanja vya ndege vikasafishwa kwa mapanga na majembe karibu na mpaka.

Katika mpango huo Kitale ilikuwa mlango wa upande wa magharibi. Reli iliishia hapo. Mbele yake kulikuwa na nchi ya Wapokot, kisha Turkana, yapata kilomita 300 hadi Lodwar na karibu 200 nyingine hadi Lokitaung, ambako Brigedi ya 25 ya Afrika ya Mashariki ilikaa ikiitazama Habeshi kaskazini mwa Ziwa Turkana. Lori lililojazwa mapipa Kitale lilikula sehemu ya petroli yake likienda na sehemu nyingine likirudi, hata kilichomfikia askari au rubani kilikuwa salio tu la kilichopakiwa. Hesabu hiyo ya salio ndiyo sheria ya vita katika nchi zetu. Brigedi ile ilivuka mpaka mwezi Februari 1941, ikaingia Namaruputh na Kalam. Lakini Cunningham hakuiweka nguvu yake kuu huko, kwa kuwa njia ilikuwa baidi mno na maji machache mno, na hakuna idadi ya ndege ambayo ingeweza kuifupisha barabara ya Turkana. Alichagua Kismayu na mto Juba, mahali penye bandari, maji, na uwanja wa ndege wa Gobwen.

Mambo yaliyofuata yanajulikana kwa kasi yake. Jaribio lilifanywa El Wak tarehe 16 Desemba 1940, na Wataliano wakakimbia upesi kiasi cha kumfanya Cunningham, aliyekuwa ameazimia kungoja mvua za Mei zipite, kuanza mapema. Afmadow ilichukuliwa tarehe 11 Februari 1941, Kismayu tarehe 14, Jilib tarehe 22, na Wanaijeria wakaingia Mogadishu tarehe 25. Jijiga ilianguka tarehe 17 Machi, Harar tarehe 26, Dire Dawa tarehe 29, na tarehe 6 Aprili Addis Ababa ikafunguliwa, huku askari wa keya wa Brigedi ya 22 wakiwa wametangulia kuuvuka mto Awash. Zaidi ya kilomita 2,500 zilimalizwa kwa siku 53. Waliouawa katika jeshi lote walikuwa 135, waliojeruhiwa 310, na ndege zilizopotea nane.

Tuzipime sasa zile kazi nne. Kumpofusha adui kulifanywa barabara: tarehe 3 Februari rubani Mwafrika Kusini John Frost aliangusha ndege nne za Wataliano upande wa Afmadow, na tarehe 15 Machi ndege za Hurricane zilizishambulia zile zilizokuwa zimeegeshwa Dire Dawa. Siku hiyo Frost mwenyewe alilazimika kutua katika uwanja wa adui, naye mwenzake Bob Kershaw akatua chini ya risasi, akampakia katika ndege yake, wakaruka pamoja. Ni kisa cha ushujaa, na kina fundisho pia, kwa kuwa hata shujaa wa anga siku yake ya shida aliokolewa na mita chache za ardhi tambarare. Kutisha nako kulizaa matunda: Afmadow ilipigwa mabomu mpaka walinzi wake wakaihama kabla askari hawajafika, na vikaratasi vilivyoangushwa vikiwa na muhuri wa Haile Selassie viliwashawishi wengi kuwatoroka Wataliano. Kuona kulisaidia, ingawa jicho la Cunningham halikuwa angani peke yake, kwani Waingereza walikuwa wakizisoma simu za siri za Wataliano, na mara nyingi walijua amri ya adui karibu pamoja na aliyeandikiwa. Kubeba kulikuwa haba: ndege za mizigo zilichukua majeruhi na vipuri, lakini jeshi lilikwenda kwa malori.

Na malori yaliendeshwa kwa nini? Wataliano walipoihama Mogadishu waliacha nyuma yao galoni 350,000 za petroli ya magari na galoni 80,000 za petroli ya ndege. Hapo mzunguko wote wa vita vya uvamizi unadhihirika: ndege zilimfukuza adui asipate nafasi ya kuharibu bohari, askari wakaikamata bohari, na bohari ikazirusha tena ndege mbele hadi Harar. Anayeuliza ni nani alishinda, rubani au askari, ameuliza vibaya, maana kila mmoja alikula katika sahani ya mwenzake.

Mwisho wa vita vile wathibitisha zaidi. Mtawala wa Aosta alijisalimisha Amba Alagi mwezi Mei 1941, akafia Nairobi mwaka uliofuata, akazikwa Nyeri. Jeshi la Wataliano huko Gondar lilishikilia milima yake miezi sita zaidi. Ndege ya mwisho ya Kitaliano katika Afrika ya Mashariki iliangushwa tarehe 24 Oktoba 1941, na tangu siku hiyo anga yote ilikuwa ya Waingereza bila ya mshindani. Hata hivyo Gondar haikuanguka siku hiyo wala wiki hiyo. Ilianguka tarehe 27 Novemba, baada ya mashambulizi ya miguu yaliyopandishwa mlimani, na mojawapo ya brigedi zilizopanda ilikuwa ile ya 25, ambayo mapema mwaka huo ilikuwa ikilishwa kwa malori ya Kitale.

Ushindi huo ulilipiwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa pamoja na ya marubani. Mahindi ya Trans-Nzoia yaliwekewa bei ya serikali, na walowezi wakapata faida. Vijana wa Bungoma walikwenda keya au wakatakiwa kwa kazi. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliyeipinga serikali na amri zake, alifungwa, kisha akawekwa hospitali ya Mathari hadi 1947. Na mwezi Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, wakaua 11. Miaka michache baadaye ndege za Harvard na ndege za mabomu za Lincoln zilipelekwa juu ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya kuwaandama wapiganaji wa Mau Mau, na mabomu mengi yakaangukia miti na tembo, huku kazi yenyewe ikifanywa na askari wa miguu, wapelelezi na vijiji vya lazima. Silaha iliyokuja kuvunja dola ya kigeni ilikuwa imegeuzwa kuilinda dola nyingine ya kigeni.

Vita vya Kagera vinatupa mfano wa pande mbili zilizokuwa zote na ndege, tena zisizotosha. Majeshi ya Amin wa Uganda yalipovuka mpaka wa Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, ndege zake za MiG zilipiga Bukoba, kisha zikajaribu kulivunja daraja la Kyaka ili Watanzania wasivuke mto. Zilishindwa. Akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, akafunga mizigo yake chini ya daraja, likaanguka. Kazi ambayo marubani hawakuiweza kwa siku kadhaa ilifanywa na mchimba madini kwa nyaya. Tanzania nayo ilipata hasara ya kujitakia, pale mizinga yake ya kutungulia ndege ilipozipiga ndege zake yenyewe. Kutisha kulitoka zaidi ardhini: makombora ya BM-21, ambayo watu wa Uganda waliyaita Saba Saba, yaliwavunja moyo askari wengi kuliko ndege yoyote. Muammar Gaddafi wa Libya alileta ndege kubwa ya Tu-22 ipige bohari ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yakakosa shabaha, yakaua paa.

Jambo lililoamua lilikuwa uwanja wa ndege wa Entebbe. Kwa uwanja huo Gaddafi aliwaleta askari na silaha, na maadamu ulikuwa wazi, Amin alikuwa na pumzi. Jeshi la Tanzania, lililokwisha kupita Masaka na Lukaya kwa miguu na malori, liliuteka tarehe 7 Aprili 1979, na tarehe 11 Kampala ikafuata. Angalia mpangilio: nguvu za anga za adui hazikumalizwa angani, zilimalizwa na askari aliyetembea mpaka mahali ndege zinapotua. Kisha jeshi likapanda mashariki na kaskazini, likapita Jinja, Tororo na Mbale, na watu wa Bungoma wakaona mwisho wa vita mlangoni mwao, wakimbizi na watoro wakivuka kuingia Kenya. Malaba haikupigwa bomu hata moja ili hayo yatokee.

Mlima Elgon mwaka 2008 haukuwa uvamizi wa nchi ya kigeni, lakini kwa mtu wa Bungoma ndiyo operesheni ya kijeshi aliyoiona kwa macho. Ugomvi wa ardhi ya Chepyuk ulizaa kundi la SLDF, lililoua, kukata masikio na kutoza watu; mwezi Machi serikali ikaleta jeshi katika Operesheni Okoa Maisha, na helikopta zikazunguka juu ya msitu. Mlima ule una mapango ambayo watu wameishi humo vizazi na vizazi, na msitu wa mianzi unaoficha njia. Jicho la juu halikuweza kumtofautisha muasi na mchunga ng'ombe. Kilichofuata ni jeshi kuwakusanya wanaume vijijini na kuwapeleka Kapkota, ambako mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za mateso na kupotea kwa watu, na baadhi ya walionusurika wakafikishwa katika mahakama za Bungoma. Kundi lile lilivunjika, kiongozi wake akauawa mwezi Mei. Ila gharama yake ni onyo: pale jeshi linapokosa habari za kweli kutoka kwa wananchi, helikopta haiziongezi, na upungufu wa habari hulipwa na miili ya wasio na hatia.

Kisha ikaja Oktoba 2011, Kenya ilipoingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Ndege za F-5 zilipiga kambi za al-Shabaab, na anga yote ilikuwa ya Kenya, kwani adui hakuwa na ndege hata moja. Lau dai la Douhet lingekuwa kweli, hapa ndipo pangekuwa mahali pake. Lakini mvua za vuli zilinyesha, magari yakazama matopeni, na mwendo ukawa wa kobe. Mwisho wa mwezi huo bomu lilianguka Jilib. Jeshi likasema limewapiga wapiganaji, na Madaktari Wasio na Mipaka wakasema raia 5 waliuawa na makumi wakajeruhiwa katika kambi ya waliohama makwao. Afmadow ilitekwa mwisho wa Mei 2012, na Kismayu mwisho wa Septemba, kwa askari walioshuka pwani kutoka melini. Mwaka 1941 kutoka Afmadow hadi Kismayu zilikuwa siku tatu. Safari hii miezi minne, na ndege zilikuwa bora maradufu. Tofauti ilikuwa katika adui: Mtaliano alilinda miji na bohari, vitu vinavyoonekana kutoka juu, na al-Shabaab walijichanganya na watu, kitu kisichoonekana.

Mwezi Agosti 2012 helikopta nne za Uganda zilizokuwa zikienda Somalia zilikutana na mawingu ya Mlima Kenya, na tatu zikapotea bila ya adui kufyatua risasi. Na tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wa Kenya huko El Adde ilivamiwa alfajiri ikaanguka. Hiyo ndiyo kazi ya tano, kukaa, na hapo ndipo mtu hujua kwamba anga iliyo yako saa sita mchana yaweza kuwa si ya mtu yeyote saa kumi na moja ya alfajiri.

Atasema mtu kwamba haya yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi ziko ndege zisizo na rubani, zikaazo angani usiku kucha na kumchagua mtu mmoja katikati ya kumi. Ni kweli kwamba kazi ya kuona imekua kupita kiasi walichokijua watu wa 1941. Lakini Marekani ilimuua Ahmed Godane, kiongozi wa al-Shabaab, kwa shambulio la anga mwezi Septemba 2014, na kundi lake lipo hata sasa, likikusanya kodi katika vijiji ambavyo hakuna askari wa serikali anayelala humo. Jicho likikua bila ya mguu kukua, uvamizi huwa msururu wa mauaji yaliyolengwa vizuri usiokuwa na mwisho.

Hukumu yangu basi ni kwamba ndege ni sharti la uvamizi wa zama hizi, ila si sababu ya ushindi wake. Asiye nayo atateseka kama Wahabeshi walivyoteseka. Aliye nayo bila ya petroli, vipuri na viwanja ataozea uwanjani kama Mtawala wa Aosta. Aliye nayo dhidi ya adui aliyejichanganya na watu atawapiga watu. Huzaa faida kubwa mahali pamoja tu: pale adui ana vitu vya kupigwa, na nyuma ya ndege kuna jeshi lenye barabara, maji na chakula cha kulifikisha mahali palipopigwa kabla vumbi halijatua. Kwa hiyo serikali yoyote inapotangaza kwamba ndege zake zimeshambulia nchi fulani, raia wa Kitale na wa Bungoma wanayo haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kushangilia: petroli ya ndege hizo inapita barabara ya nani, nani aliyewaambia marubani ni nani wa kupigwa, na ni watoto wa nani watakaolala huko mwaka ujao. Bunge linalopitisha fedha za ndege bila ya kujibiwa maswali hayo limenunua mwanzo wa vita, na mwisho wake limewaachia wengine walipe.